Mzinga Unaoning'inia Kibondo

Anayepanda kutoka Kigoma mjini kwenda Kasulu huliacha joto la ziwa nyuma yake, na kabla hajaufikia mji hewa imeshabadilika. Vilima vinafuatana, migomba imejaa mabondeni, maharage yamepandwa hadi karibu na vilele, na jioni watu wanatafuta masweta. Mgeni akiuliza hapa pana nini cha kuona, wenyeji humwelekeza Heru Juu, na hawakosei, kwani Heru ilikuwa himaya yenye jina katika Buha nzima, nchi ya Waha. Ndiyo iliyotawaliwa na Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyekuwa chifu enzi za Waingereza na kisha akawa mbunge. Himaya nyingine za Waha hazijafutika pia: Muhambwe na Buyungu leo ni majina ya majimbo ya uchaguzi, moja Kibondo, jingine Kakonko.

Lakini mgeni aliyezoea miji ya vilimani ya kwingineko atatafuta jengo. Mjini Orvieto, Italia, watu hupanda mwamba kwenda kutazama kanisa kuu lililoanza kujengwa mwaka 1290, na lingali limesimama. Waha hawakujenga kwa mawe. Mafundi wao walifanya kazi kwa mti, nyasi, udongo na chuma, na vingi kati ya vitu hivyo huliwa na mchwa au huoza kwa mvua kabla mjukuu wa fundi hajakua. Kwa hiyo asiyejua hupita barabarani akaona vilima tu. Mimi ningemshauri aendelee na safari hadi Kibondo, avuke mashamba kuelekea mashariki ambako pori la miyombo linaanzia, kisha ainue macho juu ya miti. Atakachokiona kimening'inia huko ndicho kitu kizuri kuliko vyote vilivyotengenezwa kwa mikono katika nyanda hizi: mzinga wa nyuki.

Ukiuona kwa mbali utadhani ni kipande cha gogo kilichosahauliwa mtini. Uone unavyotengenezwa ndipo utauheshimu. Fundi huanza kwa kuchagua mti, na mninga hupendwa kwa kuwa hauliwi ovyo na wadudu, haupasuki kirahisi ukikauka, wala hauwi mzito mno kupandishwa juu. Gogo lenye urefu wa mita moja hivi hupasuliwa kati kwa urefu, kwa kabari zinazogongwa moja baada ya nyingine, polepole, ili ufa ufuate njia ya nyuzi za mti wenyewe. Hapo hakuna msumeno. Gogo lililopasuka kwa kufuata nyuzi zake hutoa nusu mbili zinazoumana tena bila mwanya, kila kinundu kikirudi kwenye shimo lake, na fundi huziwekea alama ili asije akazigeuza.

Kisha inaingia tezo. Hii ndiyo sehemu ya kukaa chini na kutazama bila haraka. Fundi hukanyaga nusu moja kwa mguu, akachimba kuelekea kwake, vipande vyembamba vikiruka kimoja kimoja. Mwanzoni mapigo ni ya nguvu; kadiri shimo linavyoingia ndani yanakuwa mafupi na mepesi, mpaka mwishoni tezo inakwangua tu. Kila mara husimama, akapitisha kiganja ndani, kisha akagonga nje kwa kidole na kusikiliza, kama anayenunua chungu sokoni. Anatafuta unene unaolingana kote. Ukuta ukiwa mwembamba mahali pamoja, jua litapita hapo na masega yatalegea. Ukiwa mnene mno, mzinga utakuwa mzigo na nafasi ya asali itapungua.

Unene huo una sababu kubwa kuliko uimara. Nyuki hutunza majana yao, yaani watoto wao, kwenye nyuzijoto 34 hadi 35, usiku na mchana, na usiku wa Juni katika nyanda za Kigoma una baridi. Kila tone la asali linalotumiwa na nyuki kujipasha joto ni tone lisiloingia kwenye ndoo ya mrinaji. Wazee waliochonga mizinga bila kipimajoto walilifikia jibu hilo kwa kiganja na sikio.

Nusu mbili zikishachongwa hurudishwa pamoja na kukazwa kwa kamba ya magome ya myombo, ambayo ikikauka haifunguki kwa urahisi. Ncha zote mbili huzibwa kwa vifuniko, upande mmoja ukiachiwa tundu dogo la nyuki kupitia. Ndani hupakwa nta ya zamani, kwa sababu kundi linalotafuta makazi huvutwa na harufu ya mahali ambapo nyuki wengine walishaishi. Halafu mzinga hutundikwa ukiwa umelala, kwa kijiti chenye ngoe, mbali na shina ili nyegere asiufikie na siafu wasipate njia ya mkato.

Kulala huko ndiko kunakonishangaza zaidi. Nyuki huweka majana karibu na mlango wao na kuhifadhi asali mbali nao, kule nyuma. Mrinaji, kwa hiyo, hufungua mzinga upande wa nyuma. Anakutana na asali kwanza, anakata masega yaliyokwisha kufunikwa kwa nta, na anapoanza kuona majana anaacha. Malkia anabaki na watoto wake, kundi linabaki na chakula, na msimu ujao mzinga huo huo utajaa tena. Umbo la chombo limeshamwelekeza mvunaji mahali pa kukomea.

Kurina kwenyewe hufanyika usiku, kwa moshi na kwa utulivu. Nyuki wa Afrika ni wakali, na kelele au papara huligeuza kundi zima kuwa kitu kimoja. Anayejua hupuliza moshi wa baridi, unaotoka kwenye magome au nyasi zinazofuka bila kuwaka, kwa sababu moto ulio wazi huunguza mbawa na kuipa asali ladha ya masizi. Mvunaji mzuri hutambulika kwa ndoo yake: masega yaliyofunikwa tu, bila majana na bila asali mbichi. Asali isiyofunikwa bado ina maji mengi, na maji yakizidi huchacha.

Mizinga mingine haitokani na gogo bali na gome. Mti hukatwa duara juu na chini wakati utomvu unapanda, gome likavuliwa zima na kushonwa ubavuni kwa vijiti. Ni kazi ya ustadi, nyepesi kubeba na ya haraka, na kwa karne nyingi iliwatosha watu wachache ndani ya pori kubwa. Leo siwezi kuisifu bila kusema gharama yake: mti uliovuliwa gome kuzunguka shina hufa, na ni mti ule ule ambao maua yake yangewalisha nyuki. Pori la Kibondo na Kasulu limebeba mzigo mzito tangu kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi kutoka Kongo, na ile ya Nduta ilipofunguliwa tena mwaka 2015 kwa Warundi. Watu hao walihitaji kuni, na wenyeji nao wanahitaji mashamba. Mzinga wa gome uachwe. Wa gogo ubaki, kwa mti ulioanguka wenyewe au uliokatwa kwa kibali.

Wapo wanaodhani kwamba mzinga wa kisasa, sanduku la mbao, umeua ufundi. Nimelitazama sanduku hilo kwa makini na sikubaliani nao. Mzinga wa viunzi vya juu, unaotumika sana Tanzania sasa, hauna fremu. Una vijiti vilivyopangwa kukaa bega kwa bega, na kila kijiti kinatakiwa kuwa na upana wa milimita 32 hivi, sawa na umbali ambao nyuki wetu huuacha kutoka katikati ya sega moja hadi katikati ya jingine. Seremala akikosea milimita chache kwa kila kijiti, baada ya vijiti kumi nyuki watajenga wakikatiza, masega yatashikamana, na kuvuna kutakuwa kuharibu. Akipatia, kila sega litaning'inia kwenye kijiti chake, nawe utalitoa, utalitazama na kulirudisha. Fundi wa tezo na fundi wa randa wanamtumikia bwana mmoja, nyuki, na wote wawili hupimwa kwa jinsi walivyomwelewa.

Kazi hii haikuwa rahisi kuirithisha. Miaka ya 1930 serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wa Buha kutoka maporini kwenda makazi ya pamoja kwa sababu ya malale, na mwaka 1972 Operesheni Kigoma ikawapeleka wengi katika vijiji vya ujamaa. Kila mara mizinga ilibaki porini na wenyewe wakawa mbali. Walirudi kwa miguu kuifuata. Na kulikuwa na cha kurudia: upande wa mashariki wa nyanda hizi, bonde la Malagarasi na Moyowosi mwaka 2000 lilikuwa ardhioevu ya kwanza ya Tanzania kuingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, na nyuki wa Kibondo wanaishi ukingoni mwa nchi hiyo ya maji na maua.

Kwa hiyo ukija, njoo mvua za masika zikishakatika, Juni au Julai, wakati wa mavuno. Pita kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, uombe kupelekwa kwa mfugaji na kwa fundi wake, na usiende porini peke yako. Vaa nguo nyeupe au za rangi nyepesi, usijipake manukato, na ukiambiwa simama, simama. Nunua asali kwa mtu aliyeivuna, umwulize ni ya maua gani na ya msimu upi. Lita moja ya asali iliyoiva huwa na uzito wa kilo moja na gramu mia nne hivi; ikiwa nyepesi sana mkononi, uliza tena. Ikiganda baadaye kabatini kwako usiitupe wala usimlaumu aliyekuuzia, kwa maana kuganda ni tabia ya asali. Na kama una mtoto anayesoma useremala, mpeleke akakae siku nzima karibu na mtu anayechonga gogo kwa tezo. Wanaoijua kazi hiyo vizuri wengi wao ni wazee, na bado wako tayari kufundisha.