Hongera, Wakutubi Wetu

Mtaa wetu wa Kamakis unasifika kwa nyama choma kando ya Eastern Bypass. Lakini leo sifa ziwaendee wakutubi tunaowafuata maktabani Thika.

Wengi huingia maktabani kudurusu vitabu vya mtihani. Lakini riwaya mpya haimo kwenye silabasi, wala hakuna aliyeisimulia mtaani. Mkutubi huisoma kwanza, akapima ladha ya msomaji wake, kisha akamkabidhi. Kwa mfano, riwaya ya Peponi ya Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Nobel wa 2021, ilitoka kwa Kiswahili mwaka 2022, ikiwa imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Kazi kama hiyo humhitaji mtu wa kuisemea.

Kwa asiyemudu bei ya dukani, pendekezo la mkutubi ni mlango wa fasihi ya leo. Hongereni, wakutubi. Endeleeni kutuchagulia, tunasoma.