Bunduki Iliyoachwa Garini: Uteuzi wa Silaha na Ushahidi wa Kiswahili katika Hadithi ya Francis Macomber

Hadithi fupi ya Ernest Hemingway kuhusu maisha mafupi ya furaha ya Francis Macomber ilichapishwa mwaka 1936 katika jarida la Cosmopolitan, na tangu hapo uhakiki wake umezunguka swali moja: je, Margot Macomber alimuua mumewe kwa kusudi, au alikuwa akijaribu kumwokoa? Mwaka 1955 Warren Beck alitoa hoja kuwa mwanamke huyo alimlenga nyati na si mumewe, na wahakiki waliomfuata wamegawanyika hadi leo. Mjadala huo umezaa kazi nzuri. Hata hivyo, una pengo ambalo msomaji wa Kiswahili huligundua mapema: pande zote mbili hubishana kana kwamba porini siku ile walikuwapo watu watatu tu, yaani Macomber, mkewe, na mwindaji wao wa kulipwa, Robert Wilson. Walikuwapo pia wabeba bunduki na dereva, na alikuwapo Abdulla, ambaye mwishoni anaitwa aje kuona. Hawa ndio mashahidi, na lugha yao ya kazi ni Kiswahili. Makala haya yanachunguza namna mgawanyo wa silaha na mgawanyo wa lugha unavyofungamana katika hadithi hiyo, na yanadai kuwa hukumu inayosubiriwa na wahakiki imekwisha kutolewa ndani ya hadithi yenyewe, mara mbili, kwa lugha mbili, na hukumu hizo mbili hazifanani.

Mgawanyo wa silaha

Bunduki zinazohesabika katika mwenendo wa kisa ni tatu. Macomber anatumia Springfield inayopiga risasi ya .30-06, risasi iliyotokana na jeshi la Marekani mwaka 1906 na ambayo baadaye ilikuja kuwa chaguo la kawaida la wawindaji wa ayala nchini humo. (Neno “ayala” lenyewe limeingia katika Kiswahili kupitia tafsiri ya Biblia, kwa kuwa mnyama huyo hana makao Afrika Mashariki, mwindaji wa huku angesema paa au kulungu, naye angekuwa anamtaja mnyama mwingine kabisa.) Wilson ana .505 Gibbs, bunduki nene, fupi na isiyopendeza machoni, yenye tundu la takribani milimita 13, iliyotengenezwa kwa ajili ya wanyama wakubwa wanaokuja mbio kwa karibu. Ya tatu ni Mannlicher ya milimita 6.5, nyepesi, isiyosukuma sana bega, na yenye risasi nyembamba lakini ndefu inayopenya mbali.

Wahakiki wengi hupita juu ya orodha hii wakiiona kuwa mapambo ya mwandishi aliyependa vifaa. Kufanya hivyo ni kusoma hadithi kwa jicho moja. Katika sehemu ya simba, kila tatizo la Macomber linajitokeza kwanza katika chombo: anavuta kifyatulio kwa nguvu zake zote bila mafanikio kabla ya kutambua kuwa hakuondoa kizuizi cha usalama, na hatua anayopiga wakati akirekebisha kosa hilo ndiyo inayomfanya simba amwone kuwa ni mtu. Baadaye, katika kuwinda swala, anapiga kwa umbali mkubwa na kumpata. Kwa hiyo si mpigaji mbovu. Mkono wake una uwezo. Unachokosa ni utulivu mbele ya mnyama anayeweza kurudi.

Uamuzi wenye uzito mkubwa zaidi unafanyika kabla ya kuingia kichakani kumfuata nyati aliyejeruhiwa. Wilson anamshauri Macomber aende na Springfield kwa sababu ameizoea, bunduki yake nzito ichukuliwe na mbebaji wake, na Mannlicher iachwe garini pamoja na Memsahib. Mwindaji yeyote mzoefu angekubali kila kipengele cha ushauri huo. Silaha uliyoizoea ni bora kuliko silaha kubwa usiyoijua. Bunduki ya akiba iwe karibu na mkono. Ya tatu isiingizwe mahali pembamba penye miiba. Lakini ni ushauri huo huo, wenye busara ya kitaalamu isiyo na dosari, unaoiweka bunduki iliyojazwa mikononi mwa mtu pekee ambaye hakuna aliyefikiria kumshauri. Risasi za Macomber zinagonga juu mno, kwenye pembe nzito za nyati, na ile ya milimita 6.5 kutoka garini inampata yeye kisogoni. Ukiondoa mpangilio wa silaha, hadithi haina mwisho.

Hapa ipo nukta moja inayopaswa kumsumbua mfasiri. Mahali fulani msimulizi anaeleza nguvu ya .505 kwa kutaja mwendokasi wa risasi, lakini anaupima kwa tani. Mwendokasi haupimwi kwa tani. Kinachokusudiwa bila shaka ni nguvu ya mgongano. Mfasiri atakayesahihisha atakuwa ameifuta alama ndogo ya jinsi Hemingway alivyojionyesha kuwa mjuzi wa silaha kuliko alivyokuwa, na atakayeacha atalaumiwa kwa kosa lisilo lake. Kuacha ni bora. Hadithi inayohusu watu wanaojificha nyuma ya utaalamu wa bunduki haina sababu ya kufichiwa udhaifu wake katika utaalamu huo huo.

Nani anafasiri

Mwanzoni mwa hadithi Macomber anabebwa mabegani hadi hemani kwa shangwe. Wanaombeba ni mpishi, watumishi, mchuna ngozi na wapagazi. Wabeba bunduki hawamo. Msimulizi analitaja jambo hilo kwa kifungu kifupi tu na kuendelea, lakini huo ndio ushahidi wa kwanza katika hadithi nzima: waliokuwapo wakati Macomber alipomkimbia simba wanakataa kushangilia, na wasiokuwapo wanashangilia. Ushahidi huo unatolewa kwa ukimya.

Baada ya hapo Kiswahili kinasikika kwa mbali, na daima mtu wa kati ni mmoja. Wakati wa chakula, mtumishi wa Macomber anapomtazama bwana wake kwa udadisi, Wilson anamkaripia kwa Kiswahili. Macomber anauliza alichosema. Wilson kwanza anajibu kuwa si kitu, kisha anaeleza kuwa amemtishia viboko. Mara ya pili ni wakati Kongoni anapokuja kutoa habari kwamba nyati wa kwanza ameinuka na kuingia kichakani. Macomber anauliza tena, naye Wilson anafasiri kwa sauti isiyo na hisia. Matukio haya mawili yanatosha kuonyesha mamlaka ya Wilson katika msafara. Si yeye tu mwenye bunduki kubwa. Ndiye pekee mwenye lugha zote mbili, na akina Macomber hawana njia ya kujua kilichosemwa isipokuwa kwa hisani yake. Jina “Kongoni” lenyewe linastahili kutazamwa: ni jina la mnyama wa kuwindwa, na hakuna Mzungu katika hadithi anayeonekana kujua au kujali hivyo. Msomaji wa Kiswahili halisomi jina hilo bila kumwona mnyama.

Tukio la tatu ni amri baada ya kifo. Mbeba bunduki, kwa mazoea ya kazi, anaiokota Mannlicher. Wilson anamwagiza aiache kama ilivyo, kisha amwite Abdulla aje kushuhudia namna ajali ilivyokuwa. Hadithi haisemi amri hiyo ilitolewa kwa lugha gani. Lakini Wilson amekuwa akizungumza na watu hawa kwa Kiswahili tangu mwanzo, na muundo wa sentensi yenyewe unasaidia: Kiingereza chake mahali hapo ni kizito na rasmi kupita kawaida ya msemaji huyo, ambaye vinginevyo huongea kwa mikato ya askari. Kishazi cha kusudio kinachofuata amri, kikiwa na kitenzi cha dhamira tegemezi, ndicho muundo ambao Kiswahili kingeutumia bila juhudi: nenda kamwite, ili aone. Hemingway alitumia mbinu ya kupinda Kiingereza ili kuashiria lugha nyingine kwa upana zaidi katika riwaya yake ya vita vya Hispania ya mwaka 1940. Kuikuta hapa kwa kiwango kidogo si ajabu.

Uzito wa neno “ajali”

Ikiwa amri hiyo ilitolewa kwa Kiswahili, basi neno lililotumika kwa kifo cha Macomber haliwezi kuwa mbali na “ajali”. Hapa ndipo mjadala wa miaka mingi juu ya kusudi unapokutana na semantiki. Katika matumizi ya leo ajali ni tukio la madhara lisilokusudiwa. Lakini neno hilo lilitoka Kiarabu likiwa na maana ya muda uliowekwa, hasa muda wa kufa, na maana hiyo haijatoka katika Kiswahili: mtu hufa kwa kuwa ajali yake imefika, na ajali haina kinga. Neno moja linabeba kutokusudia kwa mwanadamu na kukusudia kwa Mwenyezi Mungu. Anayelitamka juu ya maiti hamtetei tu mfyatuaji. Anaondoa swali la mfyatuaji mezani. Neno la Kiingereza alilolitumia Hemingway halifanyi kazi hiyo. Linakanusha kusudi, basi, na kwa kulikanusha linaliacha swali la kusudi likining’inia, jambo ambalo wahakiki wa Kiingereza wamelifanyia kazi tangu hapo.

Inaweza kupingwa kuwa Hemingway hakukijua Kiswahili kiasi cha kuyafahamu haya. Pingamizi hilo ni la kweli na halina athari. Safari yake ya uwindaji Tanganyika ilianza mwishoni mwa 1933 na kumalizika mapema 1934, na kitabu kilichotokana nayo, Green Hills of Africa cha mwaka 1935, kina maneno na majina ya huku yenye tahajia isiyotulia. “M’Cola” ni mfano unaojulikana. Hoja hapa haimhusu Hemingway bali inamhusu Kongoni. Mwandishi amemweka msikilizaji wa Kiswahili ndani ya tukio na kumpa amri. Amri hiyo ina maana masikioni mwa msikilizaji huyo, hata kama aliyeiandika hakuyamiliki masikio hayo.

Kwa nini Wilson alihitaji kulitia neno hilo vinywani mwa mashahidi mapema? Kwa sababu katika uchunguzi wa kifo ukiritimba wake wa tafsiri unakwisha. Mbele ya hakimu, wabeba bunduki na dereva wangesema kupitia mkalimani mwingine, na wana mengi ya kusema. Waliona nyati wakifukuzwa kwa gari, kosa ambalo Wilson mwenyewe amekiri kuwa habari zake zikifika Nairobi angepoteza leseni. Tena ni watu anaowapiga viboko kinyume cha sheria, huku akijitetea kuwa wao huona afadhali viboko kuliko faini na kwamba hawajalalamika, ingawa wangeweza. Hao ndio anaomwambia Margot kuwa ushahidi wao utamwokoa. Uhakiki uliomchukua Wilson kuwa kipimo cha uadilifu cha hadithi, na uhakiki huo ni mwingi, haujawahi kulieleza vizuri jambo hili: kwamba ukweli wa mwisho wa kisa umewekwa dhamana kwa watu wenye kila sababu ya kusema wanachoambiwa, na pia kila sababu ya kutosema hivyo.

Halafu Wilson anageuka na kubadili lugha. Kwa Kiingereza, akiwa na Margot peke yake, anamhakikishia kuwa hatapata madhara, na papo hapo anamuuliza kwa nini hakumpa sumu. Kwa Kiswahili kifo ni ajali. Kwa Kiingereza ni mauaji. Mzungumzaji ni mmoja, maiti ni moja, na kati ya kauli hizo mbili hazipiti dakika nyingi. Mgawanyiko ambao wahakiki wameugawana wao kwa wao umo kinywani mwa mhusika mmoja, na umepangwa kwa lugha: hukumu ya hadharani kwa wale watakaohojiwa, na hukumu ya faragha kwa yule ambaye sasa anaweza kutishwa. Hukumu ya pili nayo ina faida kwa msemaji, kwa kuwa Margot ndiye aliyekuwa na siri ya gari, na Macomber, kabla ya kufa, alikuwa amemtania Wilson kwa hilo.

Kwa mfasiri wa Kiswahili, tatizo linalobaki ni la vitendo. Akiifasiri hadithi yote kwa Kiswahili kimoja sanifu, tofauti kati ya amri kwa Kongoni na shutuma kwa Margot itapotea, kwa kuwa zote mbili zitasikika kwa lugha ile ile. Njia mojawapo ni kuipa kauli ya Wilson kwa watumishi sura ya Kiswahili cha bwana wa kigeni wa enzi ile, chenye upatanisho wa kisarufi uliovunjika, na kuyaacha mazungumzo ya Wazungu yaende kwa Kiswahili fasaha. Msomaji atasikia hapo jambo ambalo Kiingereza cha Hemingway hakikuweza kumpa: Wilson, mtaalamu wa kila silaha, akiongea vibaya na watu ambao uhai wa leseni yake uko ndimini mwao.