RUN: neno lililomfungulia mwanagenzi kompyuta

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mwanafunzi alitoboa programu yake kwenye kadi, akawakabidhi waendesha mashine, akangoja. Jibu lingeweza kurudi kesho yake, nalo likawa ni kosa la koma moja. Aanze upya.

John Kemeny na Thomas Kurtz, wanahisabati wa Chuo cha Dartmouth, New Hampshire, Marekani, walitaka hata mwanafunzi wa fasihi aitumie kompyuta. Lugha yao, BASIC, husifiwa kwa amri nyepesi kama LET na PRINT. Inastahili. Lakini naamini kazi kubwa zaidi imejificha nyuma ya neno RUN.

Mwanafunzi aliketi kwenye teletaipu, mashine ya kuchapa iliyounganishwa na kompyuta, na kuandika:

10 LET X = 7
20 PRINT X * X
30 END

Akiandika RUN, anapata 49. Mashine mbili za General Electric zilishughulika: Datanet-30 ilipokea herufi kutoka kwenye teletaipu zote na kupanga zamu, GE-225 ikapiga hesabu. Wengi hudhani BASIC ilizaliwa ikitafsiri mstari mmoja mmoja, kama ilivyokuwa kwenye kompyuta ndogo za miaka ya 1970. Sivyo. Dartmouth walikuwa na kompaila kamili, iliyoigeuza programu nzima kuwa lugha ya mashine na kuitekeleza papo hapo. Kilichohifadhiwa diskini ni maandishi ya mwanafunzi tu, kwa hiyo kila RUN ilianza kugeuza upya. Muda wa mashine ulikuwa ghali mno, nao wakakubali kuutumia hivyo ili mwanagenzi asikutane kamwe na hatua ya kugeuza. Huo ndio uamuzi ninaouheshimu kuliko yote.

Programu ndefu haikuwafungia wengine njia: zamu yake ikiisha, iliwekwa kando, nyingine ikaingia.

Namba za mistari nazo zilikuwa na kazi mbili. Zilikuwa anwani za GOTO, amri ya kurukia mstari mwingine, na ndizo zilizotumika kusahihisha: ukiandika 20 upya, mstari wa zamani unafutika.

Alfajiri ya Mei 1, 1964, saa kumi, Kemeny na mwanafunzi mmoja waliandika RUN kwa pamoja kwenye teletaipu mbili, na majibu yote mawili yakatoka sahihi. Baadaye GOTO ilikuja kulaumiwa kwa kuzaa programu zilizosokotana, na katika miaka ya 1980 Kemeny na Kurtz wenyewe walitoa True BASIC, ambayo haikulazimisha namba za mistari. RUN waliibakiza.