Bei ya Harufu ya Mtu

Duka la manukato ni mahali pagumu pa kupata hukumu ya haki. Chupa ya Amouage, nyumba ya manukato ya Oman iliyoanzishwa mwaka 1983, huuzwa kwa mamia ya dola, na mteja husimuliwa habari za ubani wa Dhofar na kioo cha chupa kabla hajaambiwa lolote linalopimika. Akishajipaka, pua yake imekwisha kushawishiwa na bei. Ndiyo sababu naithamini sana harufu moja iliyotengenezwa katika Bonde la Kilombero, Tanzania, ambayo mwamuzi wake hajui bei wala hasomi lebo. Mwamuzi huyo ni mbu jike mwenye njaa.

Harufu yenyewe ni ya binadamu, ila imechanganywa maabara. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wakiongozwa na Fredros Okumu, pamoja na wenzao wa nje ya nchi, walichapisha matokeo yake Januari 2010 katika jarida la PLoS ONE. Wazo lao lilikuwa jepesi kulieleza: mbu anayeeneza malaria humtafuta mtu gizani kwa kufuata pumzi na jasho, basi ukiweza kuiga pumzi na jasho, utamwita mahali unapotaka akafe.

Viungo vyake havina cha kujivunia. Kuna hewa ukaa, amonia, asidi laktiki, na kundi la asidi za kaboksili ambazo baadhi yake ndizo zinazoipa jibini kuukuu na miguu iliyotoka kwenye viatu harufu yake. Hakuna ambari, hakuna udi. Vingi vinatiwa kwa viwango vidogo mno, hata gharama ya malighafi ya mtego mmoja haifikii kumtisha mtu. Tukiishia hapo tungesema harufu hii ni rahisi, na tungekosea, kwa sababu gharama yake imekaa kwingine.

Kwanza tuangalie namna ilivyopatikana. Katika banda kubwa la wavu mbu walipewa nafasi ya kuchagua kati ya harufu mbili zilizowekwa mbalimbali. Kila kiungo kilipimwa kwa nguvu tofauti, kwa kuwa kuongeza dozi hakuongezi mvuto siku zote. Amonia ikizidi kiasi mvuto wake hupotea. Ni kazi ya kuchosha, ya kurudiarudia, na ndiyo hasa inayokosekana mtu anaponyunyizia vikaratasi manukato mawili dukani na kutoa hukumu baada ya dakika mbili.

Kisha mchanganyiko ukapelekwa vijijini, upande wa Lupiro, ng'ambo ya Mto Kilombero, kwenye mashamba ya mpunga na mbu wa kutosha. Wakati ule mto ulikuwa bado unavukwa kwa kivuko. Daraja la Magufuli lilifunguliwa mwaka 2018. Vibanda vya majaribio vilisimamishwa, kimoja kikiwa na mtu, kingine kikiwa na chambo cha harufu. Vibanda vilipokuwa mbalimbali, kati ya mita 10 na mita 100, chambo kilivuta mbu mara tatu hadi mara tano ya wale waliomfuata mtu. Vyombo vya habari vilichukua sentensi hiyo vikakimbia nayo.

Sentensi iliyofuata ndiyo muhimu zaidi kwangu. Chambo na mtu walipowekwa ndani ya kibanda kimoja, ubavu kwa ubavu, chambo kilikwenda sare au kikashindwa.

Harufu hii, kwa hiyo, ni hodari wa kuita kutoka mbali na ni dhaifu karibu. Kwa mbali mbu huongozwa zaidi na mkondo wa hewa ukaa uliochanganyika na harufu. Akishaingia chumbani, joto la mwili, unyevu wa ngozi na mamia ya kemikali ambazo mchanganyiko haukuziiga huanza kumshika. Wauza manukato nao huzijua sifa hizi mbili: kuna harufu inayotangulia mlangoni kabla ya mwenye nayo, na kuna inayokaa shingoni ikisikika na anayekumbatiwa tu. Mnunuzi asiyejua anataka ipi hawezi kusema kama alilipa ghali. Kwa chambo cha Ifakara jibu hilo lina uzito wa kuumwa au kutoumwa. Ukikiweka chumbani, umewaita mbu hadi mlangoni kisha umewaachia aliyelala. Mahali pake ni nje, mbali kidogo na nyumba.

Nina shaka moja kuhusu ule ushindi wa mara tatu hadi tano. Kiwango cha hewa ukaa kilichozoeleka katika mitego ya aina hii ni mililita 500 kwa dakika. Mtu mzima aliyepumzika hutoa kama mililita 200 tu. Kinapopewa kiwango hicho, chambo huwa kimeazimwa sauti ya zaidi ya watu wawili ndipo kikashindanishwa na mmoja. Hilo haliubatilishi utafiti, kwa kuwa lengo lilikuwa kuvuta mbu na mbu walivutwa, lakini linatuonyesha sehemu gani ya mchanganyiko inafanya kazi kubwa. Na sehemu hiyohiyo ndiyo inayokula pesa.

Hesabu ni hii. Mililita 500 kwa dakika, kwa saa 12 za usiku, ni lita 360. Kwa uzito ni karibu theluthi mbili ya kilo. Kwa mwezi mtego mmoja unakula takriban kilo 20 za gesi, bila kuhesabu chuma cha mtungi. Hesabu za kihisabati ambazo Okumu na wenzake walizichapisha mwaka huohuo wa 2010 zilikadiria kwamba mitego 20 hadi 130 kwa kila watu 1,000, ikiwekwa panapostahili, ingekaribia kufanya kazi ya vyandarua vyenye dawa vinavyotumiwa na nusu ya watu. Chukua ile 20 ya chini kabisa: kilo 400 za gesi kila mwezi kwa kijiji kimoja, zibebwe kwenye barabara za masika. Hesabu zao zilitaka pia bei ya mtego iwe ya dola chache, pungufu ya 30, ndipo ushindane na chandarua. Mtungi pekee unaivunja bei hiyo.

Ndiyo maana napinga mazoea ya kuisifu fomula na kuisahau kazi iliyofanywa kwenye vyombo vya kuibebea. Timu ya Ifakara iligundua kwamba vipande vya nailoni, kitambaa kilekile cha soksi za kike, hutoa harufu na kuvuta mbu vizuri kuliko vifuko vya plastiki au vichupa vya kioo vilivyo wazi. Kiungo kilekile, kikibebwa na chombo tofauti, kinakuwa harufu tofauti. Kwa upande wa gesi, mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba sukari na hamira vinaweza kutoa hewa ukaa ya kuvuta mbu, na mwaka 2014 kazi iliyofanyika Kenya ilionyesha kwamba molasi inafaa. Bonde la Kilombero lina kiwanda cha sukari na mashamba yake ya miwa upande wa Kidatu. Kwa maoni yangu hapo ndipo akiba kubwa ilipokuwa, kuliko katika kutafuta asidi nyingine ya kuongeza kwenye mchanganyiko.

Jaribio kubwa lilikuja kufanyika Kenya, kwenye kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria, kwa mchanganyiko wa ukoo mmoja na huu ambao gesi ilibadilishwa kwa kemikali iitwayo butanoni. Mitego iliendeshwa kwa umeme wa jua, na kila nyumba ilipata pia taa na mahali pa kuchajia simu. Matokeo yaliyochapishwa katika The Lancet mwaka 2016 yalionyesha kwamba mbu aina ya funestus walipungua kwa asilimia 69.2, na maambukizi ya malaria yalikuwa chini kwa asilimia 29.8 penye mitego. Wagonjwa wapya walikuwa wachache mno kutoa hukumu. Funestus si mgeni kwetu: utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulimkuta akibeba sehemu kubwa ya maambukizi katika vijiji vya Kilombero na Ulanga, ingawa si yeye mwenye idadi kubwa zaidi.

Hukumu yangu, basi, inategemea harufu inachukua nafasi ya nini. Ikiwekwa badala ya chandarua, haifai bei yake. Chandarua hakihitaji gesi, paneli wala mtu wa kubadilisha nailoni. Ikiwekwa kwa ajili ya saa zile ambazo chandarua hakisaidii, watu wakiwa jikoni nje, wakila barazani, au wakilala kwenye vibanda vya shamba wakilinda mpunga, bei inaanza kueleweka. Sanduku la nje la kuvutia na kuulia mbu lililobuniwa Ifakara na kuelezwa kitaalamu mwaka 2013 lilielekezwa hukohuko.

Kuna matumizi ya tatu ambayo naona yanastahili kila senti. Kwa miongo mingi idadi ya mbu imepimwa kwa watu wanaokaa usiku kucha wakiwa wamekunja suruali, wakimnyonya kila mbu anayetua mguuni kwa mrija kabla hajauma. Chambo kinachoweza kukaa mahali pao kina thamani hata kikikamata pungufu, mradi upungufu ujulikane na ulingane usiku hadi usiku. Kwa hiyo ningependa kila jaribio lijalo la harufu za namna hii litoe namba moja ambayo mara nyingi haionekani mbele: gharama ya kila mbu wa malaria aliyekamatwa, gesi, usafiri na mshahara wa mtunza mtego vikiwemo, ikiwekwa kando ya gharama ya mbu aliyekamatwa kwa mguu wa mtu.