Tambiko la Rwenzori na tatizo la mto wenye kingo mbili

Aliyezoea sherehe za mahekalu ya Japani atafika Kasese, Uganda, chini ya milima ya Rwenzori, akitafuta maandamano. Kule Fujiyoshida, chini ya Mlima Fuji, kila tarehe 26 Agosti mji mzima hutoka barabarani. Mungu wa mlima hubebwa kwenye machela, mabegani mwa wanaume, na giza likiingia huwashwa mienge yenye kimo cha takribani mita 3 ili mlima utulie, usilipuke. Mgeni mwenye nauli ya treni ataona karibu kila kitu. Rwenzori haina siku ya namna hiyo. Mwenye mlima yupo, ni Kitasamba, ambaye Wakonzo, wenyeji wa mlima huo, husema anakaa huko juu kwenye theluji, lakini hashushwi mjini wala habebwi na mtu.

Badala yake kazi imegawanywa, na mgawanyo wenyewe umefuata maji. Mgongo wa mlima ulio kati ya mito miwili ni eneo moja lenye mkuu wake. Ndiye mwenye kauli juu ya ardhi, ugomvi wa mipaka na tambiko la hapo. Chini yake ziko nyumba za watu. Utakuta kijumba cha nyasi kisichofika kiunoni, kimejificha pembeni mwa migomba, na ndani kuna nafasi ya kibuyu cha pombe ya ndizi na chakula kidogo. Mpita njia atadhani ni banda la kuku. Shida ikiishinda nyumba, hupandishwa kwa mkuu wa mgongo, na hapo ndipo mbuzi anapotafutwa.

Mpango huu hauhitaji ikulu. Ufalme wa Wakonzo, Rwenzururu, ulitangazwa mwaka 1962 na kutambuliwa na serikali mwaka 2009. Wakuu wa migongo walikuwapo kabla yake. Novemba 2016 majeshi ya serikali yalivamia ikulu ya ufalme huo mjini Kasese, watu zaidi ya 100 wakauawa, na Mfalme Charles Mumbere akakamatwa. Mashtaka yake yalifutwa mwaka 2023. Kama tambiko la mlima lingekuwa kazi ya mfalme peke yake, lingekaa zaidi ya miaka sita bila mwenyewe.

Kasoro iko mtoni. Mgongo mmoja unaishia pale maji yanapopita, na wa pili unaanzia hapo hapo, kwa hiyo mto una wakuu wawili, mmoja kila ukingo. Mto Nyamwamba, unaoshuka kutoka mlimani hadi Kasese, ulifurika Mei 2013, ukafurika tena Mei 2020 na kuiharibu Hospitali ya Kilembe. Maji yaliporomosha mawe makubwa na kumega malundo ya mabaki ya mgodi wa shaba wa zamani. Wazee walisema mlima umeudhika. Wataalamu walitaja mvua, miteremko iliyolimwa, na moto ulioteketeza uoto wa juu mwaka 2012. Sioni haja ya kuwagombanisha, maana wote wanakwama mahali pamoja. Ukijenga ukuta wa mawe upande mmoja tu, unausukuma mkondo ukale upande wa pili. Ukitambika na mkuu wa upande mmoja tu, mwenzake wa ng'ambo ana haki ya kuendelea kulima hadi majini. Mto unataka wakuu wawili wakae kikao kimoja kabla ya mbuzi kuchinjwa, na kabla ya mhandisi kuagiza mawe.

Juu zaidi kuna mwenyeji wa tatu. Tangu mwaka 1991 sehemu ya juu ni hifadhi ya taifa, na baadhi ya mahali patakatifu pamebaki ndani ya mipaka yake. Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda na shirika la Fauna & Flora International walifanya kazi ya kupatambua mahali hapo pamoja na wenyeji, jambo la busara kuliko kumkamata mzee mwenye kuku msituni.

Bwera, mpakani na Kongo, ndiko hesabu inakuwa ngumu. Mto Lhubiriha ni mpaka wa nchi: ukingo huu Mpondwe, ule Kasindi, Kongo. Wanande wa kule na Wakonzo wa huku ni ndugu, lugha yao moja, na soko linawakutanisha kila wiki. Lakini mipango ya kuzuia mafuriko ya Kasese inaishia katikati ya maji, kwa kuwa mkuu wa ng'ambo ni raia wa nchi nyingine, na mbuzi wake wa tambiko, sheria ikifuatwa, ni wa kupitishwa forodhani.