Jiografia ya Mfanyabiashara: Maisha ya Tippu Tip Katika Darasa la Kusini mwa Maniema

Utangulizi

Mwanafunzi wa shule ya sekondari huko Wamaza, kama mwenzake wa Kasongo mjini au wa Kabambare, hufundishwa jiografia kwa Kifaransa. Nje ya darasa huzungumza Kiswahili, na nyumbani mara nyingi huwa na lugha nyingine tena, mathalani Kizimba, Kibangubangu au Kikusu. Mto, kilima, udongo na mvua huvijua kwa lugha hizo tangu utotoni. Darasani huvikuta kwa majina mengine, naye hulazimika kuyakariri kwa ajili ya Mtihani wa Taifa, ambao umekuwapo tangu mwaka 1967 na ambao maswali yake ya jiografia huulizwa kwa Kifaransa. Katiba ya mwaka 2006 inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Hata hivyo, utambuzi huo haujakifikisha kwenye ubao wa somo la jiografia katika sekondari.

Katika mjadala huu husikika hoja mbili zinazopingana. Ya kwanza ni kwamba Kiswahili hakina uzoefu wa kueleza elimu ya ardhi. Ya pili ni kwamba Kifaransa ni lugha ya wageni ilhali Kiswahili ni lugha ya wenyeji, na kwamba kuirejesha ni kumrejeshea mwanafunzi nchi yake. Makala haya yanazipima hoja zote mbili kwa kitabu kimoja ambacho nchi ya Kasongo imetajwa ndani yake kwa Kiswahili tangu zamani, yaani Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip. Inadaiwa hapa kwamba kitabu hicho kinazivunja hoja zote mbili kwa pamoja, na kwamba kwa sababu hiyohiyo kinastahili kuingia darasani.

Kitabu na njia yake

Hamed bin Muhammed alifariki Unguja mwaka 1905. Katika miaka yake ya mwisho alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha mjini Berlin mwaka 1902 na 1903. W. H. Whiteley aliyatoa upya pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1958 na 1959, chini ya Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Mwaka 1974 François Bontinck alichapisha Brussels tafsiri ya Kifaransa yenye maelezo mengi ya majina ya watu na mahali.

Njia hiyo yenyewe ni somo. Habari za Kasongo zilisimuliwa kwa Kiswahili Unguja, zikachapwa Ujerumani, zikafasiriwa kwa Kiingereza, kisha zikafika katika lugha ya shule za Kongo kupitia Ubelgiji. Mwalimu wa Maniema anayedhani kwamba kitabu cha Kiswahili hakiwezi kutumika katika somo la Kifaransa anayo tayari matini ya lugha zote mbili juu ya ardhi ileile anayoikanyaga. Toleo la Whiteley lilikusudiwa zaidi wanafunzi wa lugha, na mtu wa jiografia atalihisi pungufu; maelezo ya Bontinck yanaijaza sehemu kubwa ya pengo hilo.

Umbali, mizigo na majina

Aina ya jiografia iliyomo kitabuni hudhihirika katika vipimo. Msimulizi hapimi nchi kwa maili. Huhesabu siku za kutembea, na pembe za ndovu huzihesabu kwa frasila, kipimo cha takriban kilo 16. Msomaji wa leo anaweza kuona huo ni upungufu wa usahihi. Kwa hakika ni usahihi wa namna nyingine: siku ya msafara hukusanya ndani yake umbali, uzito wa mizigo, kina cha matope, vivuko vya mito na njaa ya wapagazi. Jambo hili si geni kwa vijana wa kusini mwa Maniema. Njia ya udongo inayosukumiwa baiskeli yenye magunia haina urefu mmoja wakati wa kiangazi na wakati wa mvua, ijapokuwa ramani huionyesha kuwa ileile. Mwalimu akiwataka wanafunzi waipime njia moja kwa kilomita, kisha kwa saa za msimu wa mvua na za kiangazi, atakuwa amefundisha skeli, tabianchi na uchukuzi katika zoezi moja.

Majina nayo yanadai uangalifu. Katika Maisha, nchi nyingi hutajwa kwa kiambishi u-: Utetela, Urua, Urungu, Unyamwezi. Mfumo huo wa Kiswahili humpa msemaji watu kwa wa-, lugha kwa ki- na nchi kwa u-, nao huleta hisia kwamba kila watu wana nchi moja yenye mpaka wake. Manyema yenyewe imebaki nje ya mfumo huo, kwani hutajwa bila u-. Wamaza, kwa upande wake, ni jina lenye umbo la jina la watu ambalo hutumika kutaja mahali. Maswali haya ni ya isimu, lakini ni ya jiografia pia: mipaka iko ardhini, au imo katika kiambishi? Tena, jina Kasongo hutajwa kwa watu na mahali zaidi ya pamoja. Kasongo Rushie alikuwa mtawala wa Utetela, ambaye Tippu Tip alijidai kuwa jamaa yake kupitia kwa bibi yake, akaupata utawala kwa dai hilo. Kasongo mwingine alitawala Urua. Mji wa Kasongo ni jambo la tatu. Mwanafunzi asiyetenganishwa mapema atazipotosha habari zote.

Mfano mwingine wa thamani ni Tongoni, mahali palipokuwa mji wa Kasongo wa zamani, kabla ya mji wa sasa. Katika Kiswahili cha pwani tongo ni mahali palipohamwa na watu, na -ni ni kiambishi cha mahali. Kwa hiyo jina linatoa taarifa ya makazi: hapa palikuwa na mji, watu wakaondoka. Mwanafunzi anayelifahamu jina hilo ameanza somo la uhamaji wa miji kabla ya kukifungua kitabu.

Upepo usiovuma Maniema

Hapa ndipo hoja ya pili, ile ya Kiswahili kuwa lugha ya wenyeji tu, inapoanza kuyumba. Maneno ya msingi ya jiografia ya Kiswahili yalizaliwa ufukweni. Kaskazini ni upande wa kaskazi, upepo unaovuma pwani takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Kusini ni upande wa kusi, unaovuma katika miezi ya katikati ya mwaka. Pepo hizo ndizo zilizoleta majahazi na kuyarudisha. Kasongo haina majahazi ya namna hiyo, wala mwaka wake haugawanywi na pepo hizo. Hata bara, neno linalotumika leo kwa mabara ya dunia, kwa mtu wa pwani lilikuwa ni nchi iliyo ndani, iliyo mbali naye. Kwa mtazamo huo Maniema ilikuwa bara kabisa, mwisho wa njia. Kwa mkaazi wake ilikuwa katikati ya dunia.

Haifuati kwamba maneno hayo yaachwe. Yamekwisha kuwa mali ya wote, nayo yanafanya kazi yake. Linalofuata ni kwamba Kiswahili, kama Kifaransa, kiliingia katika nchi hii kikiwa na dira yake. Mwalimu anayeeleza asili ya neno kusini anampa mwanafunzi njia ya kuuliza kila ramani ilichorwa na mtu aliyesimama wapi.

Mto mmoja, macho matatu

Lualaba ndiyo kipimo kikubwa kuliko vyote. Katika masimulizi ya Tippu Tip mto huu ni kivuko, ni mpaka wa nchi za kufanyia biashara, na ni njia ya kufikia pembe. Swali la mahali unapoishia halimsumbui sana. Kwa Wazungu wa wakati wake swali hilo lilikuwa ndilo kila kitu. Livingstone, aliyekuwa Nyangwe mwaka 1871 na kushuhudia mauaji ya wanawake na wanaume sokoni, alidhani huenda ukawa ndio Nile. Cameron, aliyefika Nyangwe mwaka 1874, alipima kimo cha mahali na wingi wa maji; akaona kwamba Nyangwe iko chini kuliko Nile ilivyo huko Gondokoro, na kwa hiyo maji hayo hayawezi kupanda kwenda huko. Stanley, baada ya kupatana na Tippu Tip mwaka 1876 amsindikize kaskazini ya Nyangwe, aliufuata mto hadi Boma mwaka 1877.

Hoja ya Cameron ni jiografia safi inayoweza kufundishwa kwa ubao na chaki, kwa lugha yoyote. Maisha hayana kitu cha namna hiyo. Yana kitu kingine: safari ileile ya mwaka 1876 ikisimuliwa na mtu aliyelipwa kusindikiza, ambaye kwake msitu ni kazi, gharama na mabishano ya malipo. Kuziweka habari za Stanley na za Tippu Tip kando kwa kando ni kumwonyesha kijana kwamba mahali pamoja huandikwa mara mbili bila kufanana. Tena, mwaka 1887 Tippu Tip aliondoka Unguja kwa meli pamoja na Stanley, akaizunguka Rasi ya Tumaini Jema na kuingia Kongo kutoka upande wa Atlantiki. Hivyo mtu huyu aliuona mto kutoka katikati yake na kutoka mdomoni mwake. Safari hiyo ikichorwa kwenye ramani ya Afrika huunganisha bahari mbili na mji wa Kasongo kwa mstari mmoja.

Lakini macho yote mawili, ya mfanyabiashara na ya mvumbuzi, yanapita tu. Jicho la tatu ni la mkaazi, nalo halimo katika vitabu hivyo. Yeye anajua ni wapi mawe yanazuia mitumbwi. Ujuzi huo ndio unaoeleza kwa nini, kufikia mwaka 1911, ilijengwa reli kati ya Kindu na Kongolo: maporomoko yaliukata mto vipande vipande, na mizigo ikalazimika kupanda gari la moshi pale chombo kiliposhindwa. Sababu, matokeo na mahali vinakutana katika mfano ambao mwanafunzi anaweza kuufikia kwa miguu yake.

Watu waliokosekana

Kasoro kubwa ya kitabu inabaki kutajwa. Pembe zimehesabiwa kwa frasila, malipo kwa reale, njia kwa siku. Watu waliotekwa hawakupewa hesabu ya namna hiyo, wala hawakupewa sauti. Wapo pembeni mwa sentensi, kama nguvu ya kubebea au matokeo ya vita. Msimulizi ana lugha nyepesi, sentensi fupi, na ustadi wa kuingiza mazungumzo. Ustadi huo humfanya msomaji amfuate bila kuuliza nani alibeba. Mhakiki anayesifu fasihi yake na kunyamazia hilo anamaliza kazi aliyoianza msimulizi mwenyewe.

Darasani Kasongo na Kabambare jambo hili si la nadharia. Huketi pamoja watoto wa koo zinazojihesabu kutokana na Waungwana na watoto wa koo zilizotoa mateka. Kasongo ilitekwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo, chini ya Dhanis, mwezi Aprili 1893, na Kabambare mwezi Januari 1894. Hivyo Kifaransa nacho kilifika kwa bunduki, kama Kiswahili kilivyofika pamoja nazo kabla yake. Yule atakayetaka lugha isiyo na damu kwa ajili ya somo la jiografia hataipata katika hizo mbili.

Upungufu huo unaweza kugeuzwa kuwa zoezi. Wamanyema wanapatikana leo Ujiji na Kigoma, Tabora, na hata Dar es Salaam. Wengine walipelekwa, wengine walisafiri kwa hiari kama wapagazi na wafanyabiashara. Mwanafunzi anayechora njia kutoka Kasongo kupitia Kabambare hadi Ziwa Tanganyika na Ujiji, kisha akauliza nani aliifuata, akiwa amebeba nini na kwa amri ya nani, anafanya jiografia ya watu. Anaandika ukurasa ambao Maisha yaliuruka.

Hitimisho

Yaweza kupingwa kwamba Mtihani wa Taifa hauulizi habari za Tippu Tip, na kwamba muda wa kipindi ni mfupi. Pingamizi hilo lina uzito, wala haipendekezwi hapa kwamba silabasi ibadilishwe kwa ajili ya kitabu kimoja. Kipindi kimoja au viwili vinatosha: matini fupi ya Kiswahili, tafsiri yake ya Kifaransa, ramani, na istilahi zikiandikwa ubaoni kwa lugha zote mbili, pamoja na neno la nyumbani pale lilipo. Mwanafunzi aliyeelewa kwa nini maporomoko yalileta reli atalijibu swali la Kifaransa kwa uhakika kuliko aliyekariri tu.

Kitabu cha Tippu Tip kinathibitisha kwamba Kiswahili kilibeba elimu ya nchi ya Maniema kwa ukamilifu wa kutosha kuongoza misafara. Kinathibitisha pia kwamba elimu hiyo ilikuwa ya anayepita kutafuta pembe. Kazi ya kuieleza Maniema kwa Kiswahili cha anayekaa, anayelima, anayechimba na anayevuka mto kila siku bado haijafanywa, na mahali panapofaa kuianzia ni daftari la mwanafunzi wa sekondari.