Laini Mbili, Njia Moja Salama: Jinsi BGP ya Nje Inavyosimikwa na Kuthibitishwa

Kaplong ni njia panda. Ukitoka Bomet, barabara moja inakwenda Litein na Kericho, nyingine inaendelea Sotik hadi Kisii. Taasisi ya hapa yenye intaneti ya watoa huduma wawili ina chaguo kama hilo kwa kila pakiti inayotoka, na BGP ya nje ndiyo itifaki inayoamua. Kuiwasha ni kazi ya mistari michache. Kuithibitisha ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo inayorukwa mara nyingi.

Tuchukue kielelezo cha kiwanda cha chai. Majani mabichi hayangoji, na mnada wa Mombasa siku hizi unaendeshwa mtandaoni, kwa hiyo kukatika kwa laini ni hasara. Kiwanda chetu kimepata kutoka AFRINIC, msajili wa namba za intaneti barani Afrika, namba yake ya mtandao huru (AS) pamoja na anwani zake. Natumia namba zilizotengwa kwa ajili ya mifano: kiwanda ni 64496 chenye 192.0.2.0/24, mtoa huduma wa kwanza ni 64500, wa pili 64510. Kwenye ruta ya Cisco tunaanza hivi:

router bgp 64496
 neighbor 203.0.113.1 remote-as 64500
 neighbor 198.51.100.1 remote-as 64510
 network 192.0.2.0 mask 255.255.255.0

Mstari wa mwisho huwakwamisha wengi. Ruta haitangazi /24 kwa kuwa tu umeiandika. Sharti iikute vilevile kwenye jedwali lake la njia. Ikiwa umeigawa vipande vya /26 kwa ofisi, mizani na kamera, tangazo halitoki. Dawa ni kuweka njia tuli ya /24 nzima inayoelekea Null0. Vipande haviathiriki, maana ruta hufuata kwanza anwani iliyo mahususi zaidi.

Kisha vichujio, na hapa pasiwe na mzaha. Ruta isiyochujwa huchukua njia ilizofundishwa na mtoa huduma mmoja ikamtangazia mwenzake, na kiwanda kikajikuta kinabeba trafiki ya watu wengine. Tarehe 12 Novemba 2018 kampuni ya MainOne ya Nigeria ilikosea kichujio, njia za Google zikavuja hadi China Telecom, na kwa dakika 74 sehemu ya trafiki ya Google ikapitia Uchina. Kwa hiyo kwa kila jirani, ruhusu itoke 192.0.2.0/24 peke yake. Kuingia, pokea njia ya chaguo-msingi tu: jedwali zima la IPv4 lina njia zipatazo milioni moja, na ruta ndogo hailiwezi.

Kuchagua laini kuu kuna pande mbili. Trafiki inayotoka unaiamuru mwenyewe: ipe njia ya jirani wa kwanza local-preference ya 200, kwani ya kawaida ni 100. Inayorudi huiamuru, unaiomba tu, kwa kurudia namba yako mara kadhaa kwenye tangazo la laini ya akiba ili njia hiyo ionekane ndefu.

Sasa uthibitisho. Amri ya kwanza ni show ip bgp summary. Safu ya mwisho ikionyesha tarakimu, kikao kimesimama, na tarakimu hiyo ni idadi ya njia ulizopokea. Hapa tunatarajia 1. Ikionyesha Idle au Active, kikao hakijasimama: kagua ping ya jirani, namba ya mtandao huru, nenosiri na mlango wa TCP 179. Ya pili ni show ip bgp neighbors 203.0.113.1 advertised-routes. Inapaswa kutoa njia moja tu, yako. Zikiwa mbili, kichujio kimevuja.

Lakini ruta yako inakueleza ilichotuma, haikuelezi kilichofika. Jitazame kutoka nje. Mradi wa RouteViews wa Chuo Kikuu cha Oregon una mkusanyaji wa njia KIXP, Nairobi, kituo ambako mitandao ya Kenya hubadilishana trafiki. Tafuta anwani zako huko, uone kama namba ya mwisho kwenye njia ni ya kwako.

Jaribio la mwisho ni kukata laini kuu kwa makusudi. Usichomoe tu waya ulio kwenye ruta, kwa sababu mlango ukizimika BGP hutambua papo hapo. Mwombe mtoa huduma akate upande wake, nyuma ya redio au swichi, ili mlango wako ubaki unawaka. Hapo Cisco husubiri hadi sekunde 180 kabla ya kumtangaza jirani amepotea. Mkikubaliana kutumia BFD, itifaki inayogundua haraka kukatika kwa njia, muda huo unashuka hadi sekunde chache tu au hata chini ya sekunde moja.

Na uulize faiba zinapita wapi. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na SEACOM ziliharibika siku moja, na Afrika Mashariki nzima ikahisi. Laini mbili zilizozikwa kwenye mtaro mmoja kando ya barabara zitakatwa na tingatinga moja, na hakuna usanidi wa BGP utakaoziokoa. Swali hilo liulizwe kabla ya mkataba wa pili kutiwa saini, na majibu ya amri zile mbili pamoja na sekunde za jaribio la kukata yaandikwe kwenye hati ya makabidhiano. Bila hayo, mteja amelipia laini mbili bila kujua kama ana akiba.